Blanketi Juu ya Injini

Blanketi lenyewe ni la sufu, la kijivu, lenye mstari mmoja mwekundu pembeni. Ni yale mablanketi ambayo kampani ya mgodi iliwagawia wafanyakazi wake enzi za babu yangu, na wengi wenu mliokulia Lubumbashi mmelala chini ya moja kama hilo, likiwawasha shingoni usiku kucha. Mwezi jana nililikuta ndani ya gari la marehemu baba yangu, limekunjwa mara nne, liko mahali pake pale pale. Nikalinusa. Nilitegemea vumbi na mikojo ya panya, na vyote viwili vilikuwepo. Lakini chini yake ilikuwepo harufu nyingine: mafuta ya injini yaliyopata moto, karanga, na samaki wa moshi. Niliketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari, nikalia kidogo, nikapenga kamasi, nikaendelea na kazi iliyonileta.

Kazi iliyonileta ilikuwa kutoa vitu vyote garini kabla wanunuzi wa chuma chakavu, wale tunaowaita watu wa mitraille, hawajaja kulikata na kulibeba. Wadogo zangu walikuwa wameshaamua. Gari lilikuwa halijatembea kwa miaka mingi, limekaa uani pale Bel-Air, mtaani kwetu Kampemba, kuku wanatagia chini yake, na mama alikuwa amechoka kufagia kwa kulizunguka. Mimi ndiye mkubwa, ningeweza kupinga, sikupinga. Sijawahi kuwa mtu wa kutunza vitu vilivyokufa. Ninafanya kazi ya kupitisha mizigo forodhani Kasumbalesa, kila siku naona malori yanavyozeeka, na hakuna hata moja nililowahi kulililia.

Ila hilo letu halikuwa lori, na inabidi niwaeleze lilikuwa nini, maana sidhani kama mmewahi kuona jingine.

Lilikuwa pikapu ndogo ya Kimarekani isiyo na pua. Kwa mbele lilikuwa bapa kabisa, limesimama wima kama ukuta, na taa mbili za duara zilizoachana sana. Dereva alikaa juu ya gurudumu la mbele, wala si nyuma yake, na kati ya magoti yake na barabara kulikuwa na bati moja tu. Abiria waliligundua jambo hilo mapema. "Shoferi, tukigonga kintu, magoti yetu njo bamper," walimwambia baba, naye akawajibu kwamba hiyo ndiyo sababu yeye hagongi. Watu wa mtaa waliliita Sans-Nez, yaani asiye na pua, na jina likamganda baba mwenyewe, ambaye pua yake ilikuwa nzima na kubwa ya kutosha. Mpaka leo wapo watu wa Kampemba wanaomkumbuka kama Papa Sans-Nez, na jina lake la ubatizo hawalijui.

Sasa gari likiwa halina pua, injini yake inakaa wapi? Inakaa ndani, pamoja na watu. Kati ya kiti cha dereva na kiti cha abiria kulikuwa na boksi la bati, kimo cha kigoda, na injini ilikuwa humo. Likiharibika njiani wakati wa mvua, baba hakushuka. Alifungua kifuniko, akakunja mikono ya shati, akatengeneza akiwa amekaa, kama fundi cherehani kwenye mashine yake, huku madereva wengine wakilowa nje. Alilipenda gari kwa sababu hiyo zaidi ya sababu nyingine yoyote. Moto wa injini ulipasha joto miguu yetu, tupende tusipende. Juu ya kifuniko mama aliweka bakuli la bukari, yaani ugali, lililofungwa kwa kitambaa na mfuko wa karanga, na mpaka saa nane mchana chakula kilikuwa bado cha moto. Na juu ya kifuniko hicho, nyuma ya bakuli, ndipo palipokuwa mahali pangu. Baba alitandika blanketi la babu ili nisiungue, nikapanda, nikatazama barabara yote ikinijia miguuni.

Gari alilinunua kwa mmisionari mmoja Mmarekani aliyekuwa akihubiri upande wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, na aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja. Yule mtu alimkabidhi funguo na kitabu kinene ndani ya mfuko wa plastiki, cha Kiingereza, chenye michoro ya gari lote. Baba alijua Kiswahili, Kiluba na Kifaransa cha kutosha kubishana na polisi, lakini Kiingereza hapana. Hata hivyo alikitunza kitabu kama watu wanavyotunza cheti cha ndoa. Kilikaa chini ya kiti chake, ndani ya mfuko wake, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa kwa mikono ya mafuta, na mikono yetu ilikuwa ya mafuta siku zote.

Biashara yake ilikuwa rahisi kueleza. Alipeleka Kilwa sabuni, chumvi, mafuta ya kula na vitenge, akarudi na samaki wakavu wa ziwani. Siku nyingine alifika mpaka Pweto. Barabara ikiwa na huruma, safari ilikuwa ya siku mbili kwenda. Isipokuwa na huruma, hakuna aliyehesabu. Kila likizo nilikwenda naye. Mama alilalamika kwamba msichana anafundishwa udereva badala ya kupika, lakini alilalamika huku akinifungia karanga. Aliniita kwa jina langu. Baba hakuniita kwa jina. Aliniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na kila mtu aliyetusikia njiani alicheka kumwona mwanaume mzima akimwuliza mtoto wa miaka minane, "Mama, tusimame tukule?"

Kuna kitu kimoja alichonifundisha baba katika safari hizo, nacho ni uzito. Lile gari lilikuwa zito kichwani na jepesi mkiani, kwa kuwa injini, dereva, abiria na mimi sote tulikuwa mbele, na nyuma hakukuwa na kitu isipokuwa mzigo. Likiwa tupu, ukikanyaga breki kwa nguvu, nyuma inanyanyuka na kucheza. Kwa hiyo baba hakuendesha tupu hata siku moja. Alikuwa na magunia mawili ya mchanga, na mzigo ukipungua, magunia yanapanda. Na mzigo wenyewe hakuupanga hivi hivi. Springi za upande wa kulia zilikuwa zimechoka kuliko za kushoto, kwa hiyo alisimama nyuma ya gari kila asubuhi, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, akaamuru vikapu vihamishwe: "Ile lete huku. Ile rudisha. Uzito ikikaa pabaya, gari inakufa." Mara mia nilimsikia akisema hivyo. Watoto wengine walifundishwa sala, nami nilifundishwa pia, lakini sala nilizisahau kabla ya hilo.

Mpaka hapo nilikuwa sijaiona injini. Hili litawashangaza, maana nilikuwa nikiikalia. Lakini kifuniko kilifunguliwa pale tu ilipochemka au kuzimika, na neno la kwanza la baba kabla ya kukifungua lilikuwa kunitoa nje. Maji ya moto yalikuwa yameshamchoma yeye mkononi, alama ilikuwepo, na hakutaka yanifikie. Nilikuwa nashuka, nasimama kando ya barabara, nasubiri kuitwa.

Niliiona kwa fundi. Mwanzoni mwa kiangazi kimoja, baada ya safari mbaya sana, gari lilianza kutetemeka likisimama, mpaka meno yanagongana. Baba akalipeleka kwa Ilunga, fundi wake wa siku zote, ambaye gereji yake ilikuwa uwanja wa nyumba yake, hapo hapo mtaani kwetu. Injini ilikuwa imepoa, hakuna hatari, hivyo hakuna aliyenifukuza. Ilunga alinyanyua kifuniko akakiegemeza ukutani. Nikachungulia.

Injini ilikuwa imelala upande. Sisemi kwamba ilikuwa imeinama kidogo. Ilikuwa imelala waziwazi, kama mtu aliyesinzia kwenye kiti, na kichwa chake chote kilikuwa kimeelemea kulia, upande wa abiria. Na kulia ndiko nilikokuwa naegemea mimi. Kushoto kulikuwa na mkono wa baba na fimbo ya gia iliyotoka kwenye usukani, hakukuwa na nafasi. Safari zote, tangu nilipoweza kukaa, niliegemea kulia. Nililala kwa kuelemea kulia, nikila naelemea kulia, na mabega ya akina mama wote wanaofanya biashara ya samaki nimeyaegemea, yote yakiwa upande wangu wa kulia.

Ilunga aliingiza mkono chini, akapapasa, akautoa na kipande kilichopasuka cha mpira unaoibeba injini. "Mukubwa, support ya huku imekufa," alimwambia baba. "Ya kushoto iko muzima. Ni hii tu."

"Nini imeiua?"

"Uzito. Barabara na uzito. Kila siku iko inaelemea huku, huku tu. Itafanya nini? Inapasuka."

Baba alinitazama. Mtu aliyemjua angeona jicho lake likicheka kabla mdomo haujacheka. Akanibana shavu kwa vidole viwili vyenye mafuta. "Unasikia, mama? Njo weye. Unakulaka bukari sawa shoferi."

Wakacheka wote wawili, na Ilunga akanipa kile kipande cha mpira nichezee. Sikukichezea. Nilikitia mfukoni, nikaenda nacho nyumbani, nikakificha nyuma ya kabati, kwa sababu nilielewa kwamba nimeshika ushahidi. Baba alikuwa ametania tu, leo naona wazi kabisa. Lakini alinitania kwa kitu ambacho mwenyewe alikuwa amenifundisha kwa miaka yote hiyo kwamba si utani. Uzito ukikaa pabaya, gari linakufa. Uzito ulikuwa mimi, na pabaya palikuwa mahali pangu.

Gari hilo lilikuwa chakula chetu, ada zetu, na dawa za bibi. Nilikuwa na umri wa kujua hilo. Nilichokosa ni umri wa kujua kwamba mtoto wa kilo ishirini na kitu hawezi kulaza chuma.

Nilianza kwa kupunguza kula. Tonge moja kinywani, tonge moja kwa kuku, mama akigeuka. Kuku wakanenepa, mimi nikakonda, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kusubiri, akaninywesha dawa ya minyoo mara mbili katika mwezi mmoja. Ilikuwa chungu sana, na sikuwa na minyoo.

Kisha ikaja safari. Gari lilikuwa limetengenezwa, Ilunga alikuwa amekata mpira wa tairi kuukuu na kuubana mahali pa ule uliopasuka. Nilipanda kwa sababu sikupata njia ya kukataa, na safari nzima mpaka Kilwa nilielemea kushoto, nikijaribu kuirudisha injini ilikotoka. "Mama, sogea, mukono yangu," baba alisema kila alipobadilisha gia. Nilisogea, akimaliza narudi. Wakati wa kurudi nilipata mbinu nyingine. Niliweka kiganja kimoja kwenye kiti cha baba na kingine kwenye kiti cha abiria, na kila tulipokaribia shimo nilijinyanyua, ili uzito wangu usiwe juu ya kifuniko gari likitumbukia. Mnaijua barabara ya Kilwa. Nilijinyanyua kutoka Kilwa mpaka Lubumbashi. Mikono ilitetemeka, mapaja yalitetemeka, na mama mmoja mwenye vikapu aliyekaa kulia aliniuliza kama nina majipu.

Baba aliona, lakini aliona kingine. Aliegesha gari kando, akaniambia nishuke, akalikunjua blanketi. Lilikuwa limekunjwa mara mbili kama siku zote. Akalikunja mara nne, akalipigapiga kwa kiganja mpaka likalala vizuri. "Ilikuwa inakuchoma," alisema. "Juu ya nini hausemi?" Alitaka kujua kwa nini nilinyamaza. Nikapanda juu ya blanketi nene, nikaendelea kujinyanyua.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho. Likizo iliyofuata tumbo liliniuma. Iliyofuata nilikuwa na mitihani, ingawa hakuna mitihani wakati wa likizo. Iliyofuata hakuniuliza tena, alisimama tu mlangoni kidogo, funguo mkononi, akaondoka. Na gari, nawaambia ukweli, gari lilitembea. Kiangazi chote halikuzimika hata mara moja. Ilunga alijisifu mtaani kwa mpira wake wa tairi, baba akajisifu kwa Ilunga, na mimi nikasikiliza nikiwa nimekaa jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo, nikijua sababu ya kweli. Nililia, lakini pia nilijivunia. Nilikuwa nimeiponya injini ya baba yangu kwa kukaa nyumbani.

Siku moja mvua ilitukuta shuleni. Ilikuwa mvua ile ya kwanza ya msimu, ile inayokuja bila salamu. Tulijibanza chini ya paa la darasa, kundi la wasichana kama ishirini hivi, tukisubiri ipungue. Nikaliona gari likikata kona, bapa, taa zake mbili zikiwaka. Baba alikuwa ametoka safari wakati huo huo, vikapu vya makayabu, samaki wa chumvi, bado viko nyuma chini ya turubai, na alikuwa amepitia shule moja kwa moja ili nisilowe. Alifungua mlango wa upande wa abiria. Kwenye kiti cha kulia kulikuwa na gunia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya juu ya injini, na blanketi lilikuwa limetandikwa.

"Mama, kuya, panda," aliniita.

Wasichana wote walinigeukia. Mmoja aliziba pua, kwa sababu samaki wakavu waliolowa mvua wananuka, hakuna cha kuficha. Sikumjali. Haki ya Mungu, sikumjali, na hata jina lake nimelisahau. Nilitazama lile blanketi, nikawaza gari lililojaa mzigo mpaka juu, mashimo ya mtaani kwetu yaliyojaa maji, na kile kipande cha mpira nyuma ya kabati.

"Nitatembea, Baba," nilisema.

"Na hii mvua?"

"Nitatembea tu."

Alikaa akinitazama, mkono wake mmoja ukiwa bado umeshika mlango. Akamtazama yule msichana aliyeziba pua. Kisha akafunga mlango taratibu, bila kuupiga, akaondoka. Nilitembea mpaka nyumbani nikalowa chapachapa, na njiani nilijisikia mtoto mwema kuliko watoto wote wa Kampemba.

Kesho yake baba aliliogesha gari. Sina neno lingine. Alitoa vikapu vyote, akachota maji, akasugua nyuma kwa sabuni na majivu, kisha akakata ndimu, ndimu nyingi, akasugua bati kwa maganda yake, na milango, na usukani. Akamaliza kwa kusugua mikono yake mwenyewe mpaka kwenye viwiko. Nilimwona kupitia dirishani na nikadhani kuna mgeni mkubwa anakuja. Hakuna aliyekuja. Tangu hapo alifanya hivyo baada ya kila safari, na nikazoea, na harufu ya ndimu ikawa harufu ya baba kurudi.

Miaka ikaenda. Nilisoma, nikaolewa, nikapata kazi mpakani. Baba aliendelea na barabara yake mpaka mgongo ulipomshinda, gari likaegeshwa uani na halikuondoka tena. Tulipatana vizuri, mimi naye. Ila palikuwa na adabu kati yetu ambayo haikuwepo kati yake na wadogo zangu. Kwangu hakuja bila kupiga simu kwanza. Akifika alisimama mlangoni mpaka nimwambie aingie. Siku ya harusi yangu alijipaka manukato mengi kiasi kwamba safu nzima kanisani ilipiga chafya. Nilifikiri ndivyo wazee wanavyokuwa. Alifariki katika msimu wa mvua uliopita, taratibu, bila kumsumbua mtu, na nilimshika mkono, na hatukuwa na jambo la kuambiana.

Basi narudi kwenye ile kazi ya mwezi jana. Niliweka blanketi pembeni, nikaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, nikatoa ule mfuko wa plastiki. Kitabu kilikuwa kimegeuka njano, lakini kizima. Kiingereza changu ni cha mpakani, cha kugombana na madereva wa Zambia, lakini kinatosha. Niliketi tena kwenye kizingiti, nikafunua.

Kurasa za mwanzo zilionyesha kwamba gari letu lilikuwa na ndugu wawili. Mmoja alikuwa amefungwa kote, wa kubebea mizigo. Mwingine alikuwa na madirisha na viti vya familia. Wa tatu, wetu, alikuwa amekatwa mgongo na kuachwa wazi. Wote watatu hawakuwa na pua. Kijana mmoja wa ofisini amenitafutia habari zaidi kwenye simu tangu siku ile: kwamba Wajerumani ndio waliotangulia na magari ya namna hiyo, Wamarekani wakaiga, kila kampani na lake, wengine wakaweka injini nyuma na wengine katikati, na kwamba haya ya kwetu yalitengenezwa kwa miaka michache tu, kisha wakayarefusha na kuyapa pua fupi. Ninaelewa kwa nini. Hata kule Amerika watu wana magoti.

Lakini siku ile sikuwa na simu mkononi, nilikuwa na kitabu, na nikafika kwenye ukurasa wa injini. Ilikuwa imechorwa kwa kutazamwa mbele. Mstari mmoja wa nukta ulisimama wima. Mstari wa pili ulipita katikati ya silinda, na ulikuwa umeinama kulia, umeinama sana, na kati ya mistari hiyo miwili waliandika namba: digrii thelathini. Chini yake maelezo yalisema kwamba injini imelazwa hivyo makusudi ili isichukue nafasi kwenda juu. Zote zililazwa, tangu kiwandani. Hazikuwahi kusimama hata siku moja.

Nilirudia kusoma. Kisha nikatazama mchoro tu, bila maneno, maana maneno hayakuhitajika. Mtoto wa miaka minane angeuelewa. Kitabu kilikuwa kimekaa chini ya kiti, shubiri mbili kutoka mguuni pangu, safari zote zile. Na Ilunga alijua, bila shaka. Na baba alijua. Nani angekaa chini kumweleza mtoto jambo ambalo hakuliuliza?

Mama alitoka na fagio akanikuta hapo. Nikamwonyesha mchoro, nikamweleza yote: uzito, kuku, kujinyanyua, mvua. Alinisikiliza, kidevu juu ya mpini wa fagio.

"Weye ulikuwa unaogopa kuvunja moteur," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Si juu ya samaki?"

"Samaki gani?"

Mama alivuta kigoda, akakaa. "Baba yako, ile siku ya mvua, alirudi, hakukula. Akaniambia, mutoto amekomaa, eko na haya na miye. Benzake banamucheka juu ya harufu. Nikamwambia, muulize. Akasema hapana, utamuuliza mutoto kintu ya kumuletea haya mara mbili? Kesho yake njo alianza na ile mandimu yake."

Nilimwona akisugua viwiko. Nilimwona mlangoni kwangu, mtu mzima na mvi zake, akisubiri kuambiwa aingie, akinuka sabuni.

"Na pale," mama akaendelea, akionyesha kifuniko kwa kidevu, "hakukalishaka muntu. Hata siku moja. Unajua ile barabara, bantu banabembeleza, banalia. Kulikuwa mama mumoja wa Pweto, mugonjwa, alimuachia kiti yake yeye mwenyewe, akaendesha nusu amesimama. Lakini pale juu, hapana. Nilimugombeza. Alinijibu kila siku neno moja: pale kuko mwenyewe."

Akaamka, akaendelea kufagia, kwa sababu mama yangu hajui kufanya kitu kingine akiwa na machozi.

Nililichukua blanketi, nikalitandika juu ya kifuniko jinsi lilivyokuwa, limekunjwa mara nne, nikapanda. Nilikuwa na sketi ya kazini na kilo ambazo sitazitaja, ila ni nyingi kuliko zile nilizowahi kuwatupia kuku. Nikaegemea kulia kwa uzito wangu wote. Hakuna kilichosogea. Kiti cha kushoto kilikuwa kimepasuka mahali alipokuwa akikaa, na nilimwambia hapo hapo, kwa sauti, nililopaswa kumwambia kwenye ile mvua, na sitaliandika hapa.

Watu wa mitraille walifika kabla sijashuka. Mmoja wao, mwanaume mpole mwenye mfuko mzito wa misumeno, alifungua mlango wa abiria, akanisalimu, akatafuta pa kuuweka mfuko wake, akauelekeza kwenye nafasi iliyobaki juu ya kifuniko, kando yangu.

"Pale kuko mwenyewe," nilimwambia.

Aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi, akaenda na mfuko wake kusubiri kivulini.